Sato wa msimu wa pili

Mfugaji wa sato kwenye vizimba vya ziwani ninayemfuatilia kwa karibu zaidi ni yule aliyevuna vizuri mara ya kwanza. Anayeanza ana hofu, na hofu humwamsha mapema. Aliyekwisha kuvuna ameshalipa deni, amepongezwa kanisani au msikitini, na shemeji zake wawili wanataka kuingia ubia. Hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Igombe hadi Luchelele, na ng'ambo kuelekea Sengerema, msimu wa pili ndio unaonipa kazi kubwa ya ushauri.

Tuangalie kwanza kwa nini msimu wa kwanza hukubali. Vifaranga wa gramu 5 hadi 10 wanaingia kwenye wavu mpya, matundu yako wazi, maji yanapita bila kizuizi. Chini ya kizimba pako safi, hapajakusanyika kinyesi wala mabaki ya chakula. Baada ya miezi 6 hadi 8 sato anakaribia nusu kilo. Mwenye kizimba anaona jasho lake tu, na jasho ni la kweli, lakini wavu mpya na sakafu safi ya ziwa vilimsaidia bila yeye kujua. Msimu wa pili havipo. Wavu umeota mwani, na kama kizimba hakikuhamishwa, chini kuna tope linalooza na kula oksijeni.

Halafu kuna kusi. Kati ya Juni na Agosti upepo huo hulichanganya ziwa, na maji ya chini yenye oksijeni kidogo yanaweza kupanda juu. Aliyepandikiza Septemba akavuna Aprili hajakutana nayo hata kidogo. Akipandikiza tena Mei, anaingia kwenye mtihani ambao mvuno wake wa kwanza haukumfundisha.

Watu hupenda kumtaja mgema aliyesifiwa akatia tembo maji. Mimi siikubali sana methali hiyo kwa wafugaji wetu, maana inalaumu majivuno. Ninaowaona si watu wa majivuno. Ni watu ambao hofu iliyowasukuma imeondoka, na hawakuweka kitu kingine mahali pake.

Inapoonekana zaidi ni kwenye chakula, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu chakula peke yake huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote. Kifaranga mdogo hula karibu asilimia 10 ya uzito wake kwa siku. Akikaribia kuvunwa, kiasi hicho hushuka hadi asilimia 2 au 3. Ili ujue uko wapi, lazima uchote samaki, uwapime, upate wastani, uzidishe kwa idadi ya walio hai. Msimu wa kwanza kila mtu anafanya hivyo. Msimu wa pili naambiwa, "Bwana samaki, mimi siku hizi nikiwaangalia tu najua."

Hajui. Jicho haliwezi kutofautisha sato wa gramu 220 na wa gramu 260 ndani ya maji. Na hesabu yake ni hii: mfugaji makini hutumia kama kilo 1.5 ya chakula kupata kilo 1 ya samaki. Kwa mvuno wa tani 5, hiyo ni tani 7.5. Mkono ukilegea, kijana akamwaga ndoo nzima ili awahi mpira, ikafika kilo 2 kwa kilo 1, umetumia tani 10. Samaki ni wale wale na bei ya soko la samaki la Mwaloni ni ile ile, ila tani 2.5 za chakula ulizonunua kwa fedha yako zimekuwa mbolea ya mwani. Hakuna samaki aliyekufa wala wavu uliochanika, kwa hiyo hakuna kilichokushtua.

Ndiyo maana nawasihi wafugaji wangu wasiongeze vizimba baada ya mvuno wa kwanza. Najua ni ushauri mchungu, hasa kwa mtu ambaye jirani yake ametoka viwili hadi nane. Bakia na vizimba vyako, ujipe shabaha ngumu zaidi ndani ya hivyo hivyo: kama ulitumia kilo 1.8 ya chakula kwa kilo 1 ya samaki, shuka hadi 1.6. Shabaha hiyo inakulazimisha kupima kila mwezi, kuwaangalia wanavyoupokea mlo kabla ya kuongeza konzi nyingine, kuandika vifo. Inakupa sababu ya kuamka wakati deni halikuamshi tena.

Ziwa lenyewe limeshapitia haya ya kufanikiwa kisha kukwama. Minofu ya sangara ilikuwa imeshashika soko la nje pale Umoja wa Ulaya ulipoizuia, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu za usalama wa chakula. Soko lilirudi baada ya ukaguzi na usafi kukazwa viwandani na mialoni.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Malipo ya miezi saba huingia kwa siku moja au mbili, na sehemu kubwa ni chakula cha msimu ujao ambacho bado kina sura ya noti. Lipa vifaranga na chakula cha miezi mitatu ya mwanzo kabla hujaenda kuuliza bei ya kiwanja.

Na wiki ile ile ya mauzo, toa wavu majini, usugue, uanike, ukague tundu kwa tundu, maana fisi maji na kenge hawakuwa likizo. Hamisha kizimba au upumzishe eneo. Kama vifaranga wapya wanaingia Mei, tafuta mapema kipima oksijeni, hata cha kuchangia na jirani, na mpange nani atakwenda kupima alfajiri, kabla jua halijatoka, maana hapo ndipo oksijeni huwa chini kabisa. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, asubuhi hiyo usilishe.