Filamu ya kalti si ya dhehebu, wala si iliyobuma

Neno "kalti", cult ya Kiingereza, nimelisikia mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara zote tatu limetumika ovyo. Wa kwanza ni mpwa wangu: "Mjomba, kuna filamu ya kalti imetoka wiki iliyopita, itafute." Wa pili ni jamaa wa kazini, ambaye kwake kila filamu iliyobuma ni kalti. Wa tatu ni jirani yetu, mama wa makamo, aliyetukuta barazani tukibishana akashika mdomo. "Kalti? Kama ile ya Shakahola?"

Jirani namsamehe kabisa. Wengi wetu neno hilo lilituingia masikioni mwaka 2023, miili ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kule Kilifi, Kenya, mpaka ikapita 400. Neno ukishalikuta mahali kama pale, unashtuka ukilisikia kwenye soga za sinema.

Maana yake, kwa haraka: filamu ya kalti ni ile yenye watazamaji ambao huenda si wengi, lakini hawaiachi. Wanairudia miaka nenda miaka rudi, wanaijua kwa moyo, na wana mambo yao wanayoyafanya pamoja wakiitazama. Basi. Kinachonikera ni watu kuitafuta hiyo kalti ndani ya filamu, eti ni ya ajabu, eti ni ya zamani, eti ilikosa hela, wakati yenyewe imekaa kwenye viti.

Asili ya neno inasaidia, kwa hiyo nivumilie kidogo. Limetoka kwenye Kilatini, cultus, nalo limezaliwa na kitenzi colere. Mrumi akilima shamba lake, ni colere. Akihamia mahali akapafanya kwake, ni colere. Akimpelekea mungu wake sadaka, akampamba na asiisahau siku yake, ni colere hiyohiyo. Mlimaji aliitwa colonus, na nchi aliyokwenda kulima na kukaa ikaitwa colonia. Maana yake ni kwamba ukoloni na kalti ni ndugu wa tumbo moja. Yule mkubwa alitujia na bunduki, huyu mdogo kaja na runinga.

Neno halikuwa na ubaya wowote. Kanisa Katoliki limelitumia karne na karne kwa heshima wanayopewa watakatifu. Ubaya uliingia polepole kupitia Kiingereza: mwanzo ibada yoyote, halafu ibada ya wale wengine, wageni, wasioeleweka. Ilipofika Novemba 1978, watu zaidi ya 900 walipokufa Jonestown, Guyana, wakimfuata mchungaji wao, neno likawa jeusi kabisa. Na hapo wapenzi wa sinema walikuwa wameshaanza kulitumia kwa mambo yao, bila kumdhuru mtu.

Ndiyo maana tafsiri ya "filamu ya dhehebu" inanikwaza. "Filamu ya ibada" ina nafuu, ila nayo haikai. Ibada imetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi mmoja na abd, mtumwa, anayeabudu anajishusha. Ndani ya colere hamna mtumwa, mna mkulima. Nilipokuwa namweleza jirani haya ya kulima na kulea, akanikatiza: "Si useme tu kutunza?"

Nilinyamaza. Ndilo neno lenyewe. Tunatunza shamba, tunatunza mgonjwa, tunatunza siri. Na ukumbini, taarab ikifika kwenye ubeti unaomgusa mtu, utamwona anainuka, anacheza taratibu mpaka mbele, noti kaishika juu, anamtunza mwimbaji huku jicho likiwa kwa fulani aliyekaa meza ya tatu. Wimbo ni mmoja, lakini kila anayeinuka ana lake.

Sasa itazame Hedwig and the Angry Inch, filamu ya muziki wa rock ya mwaka 2001, ambayo jamaa wa kazini aliitaja kama ushahidi wake. John Cameron Mitchell aliiongoza na kuigiza mwenyewe. Nyimbo ni za Stephen Trask. Mhusika anazaliwa Berlin Mashariki kwa jina la Hansel. Ili aolewe na askari wa Kimarekani na kuvuka Ukuta wa Berlin, uliowafungia watu wa Mashariki, anafanyiwa upasuaji wa kubadili jinsi, nao unaharibika. Mwaka mmoja baadaye yuko Kansas, ndani ya nyumba ya trela, mume kamkimbia, na kwenye runinga anaangalia Ukuta ukivunjwa. Angesubiri kidogo tu angepita kwa miguu yake.

Ni kweli haikuingiza hela. Iligharimu takriban dola milioni 6 na haikurudisha hata milioni 4, ingawa kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, ilitoka na tuzo ya uongozaji na ile ya watazamaji. Lakini filamu ngapi zilibuma mwaka ule, na leo hakuna anayezikumbuka? Hii watu waliiendea na mawigi ya manjano, wakajiita Hedheads. Kuna wimbo mmoja humo uliotokana na hotuba iliyomo katika kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba hapo kale binadamu waliumbwa wawiliwawili wameshikamana, miungu ikawapasua, na tangu hapo kila mmoja anamtafuta mwenzake. Emily Hubley aliuchorea katuni. Ule uso uliopasuliwa katikati, wapo waliouchora kwenye ngozi zao kwa wino usiofutika. Na kwenye wimbo wa wigi, maneno yanatokea kabisa kwenye skrini, na kumbi zinaitikia.

Wanaoipenda wala hawakubaliani. Kati ya watazamaji waliobadili jinsia, wapo wanaosema ndipo walipoona kwa mara ya kwanza mtu wa aina yao akiwa na hasira, mzaha na bendi, badala ya kuwekwa kwenye filamu ili achekwe au auawe. Wapo wanaoikataa katakata: Hedwig hakwenda kwenye kisu kwa kuwa anaijua nafsi yake, alisukumwa na mama yake na askari, sasa hadithi hiyo inakuwaje yao? Mitchell naye amewahi kueleza kwamba upasuaji ule haukuwa hiari. Mwishoni Hedwig anavua wigi, anavua kila kitu, anatokea uchochoroni usiku na kwenda zake, na hadi leo watu wanagombana kama aliyeondoka ni mwanamume, mwanamke, au si huyu wala yule. Kwa Kiingereza lazima uchague kiwakilishi na ugomvi uanze. Mimi nimeandika aya mbili nzima bila kuchagua, "yeye" imenistahi; nilibanwa sehemu moja tu, kwenye kuolewa, maana Kiswahili nacho kina pale kinapotaka kujua.

Ugomvi huo nao ni kutunza. Filamu isiyo na mwenyewe haigombewi.

Najua kuna atakayesema kupiga kelele ukumbini tumeanza sisi. Ni kweli, kibanda umiza, ile sinema ya mtaani, nimekikalia: benchi la mbao, jasho, sauti ya mtafsiri ikimpa nyota wa Hollywood lafudhi ya Manzese, na mtu wa nyuma akipayuka, "Geuka wewe, yuko mlangoni!" Ila pale tunaipigia kelele filamu yoyote iliyowekwa, na kesho inawekwa nyingine.

Tazama ilivyokuwa kwa The Rocky Horror Picture Show, rock nyingine yenye wanaume waliovaa soksi ndefu za kike, ya 1975. Ilianza vibaya. Aprili 1976 sinema ya Waverly, New York, ikaiweka saa sita usiku. Wakawa wanarudi walewale. Mmoja akaijibu skrini, wenzake wakacheka. Safari iliyofuata wakalisema jibu lilelile wote kwa pamoja. Likaongezwa lingine. Kwenye harusi ukumbi ukaanza kurusha mchele, kwenye mvua watu wakajifunika magazeti vichwani kama yule msichana wa kwenye filamu. Huko Munich kuna sinema inaionyesha tangu 1977 mpaka leo. Ukiingia mara ya kwanza hujui uitikie nini, na walio pembeni yako wanajua. Kibanda umiza hakina mgeni wa namna hiyo. Ukishalipa kiingilio, payuka utakavyo.

Kwa hiyo jamaa wa kazini, iliyobuma iite iliyobuma, haina aibu. Na wewe mpwa wangu, hiyo ya wiki iliyopita yawezekana ni kali kweli, na nitaitafuta kama ulivyoniagiza. Lakini usiniambie ni kalti, bado hata hujairudia mara ya pili. Niambie ukiwa na mvi, unanivuta mkono twende tukaione tena, na mimi nakuambia nimechoka nayo.