Hataza ya msimbo pau ilikufa kabla ya soko kuzaliwa

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuhusu hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa muda fulani, ni hili: aliyevumbua msimbo pau, ile mistari inayosomwa na mashine kwenye bidhaa, alitajirika kiasi gani? Jibu huwashangaza wengi. Hataza yake ilikwisha muda karibu miaka 5 kabla ya bidhaa ya kwanza yenye msimbo wa leo kupitishwa kwenye skana ya dukani.

Norman Joseph Woodland alikuwa ameketi ufukweni Miami, akiwaza mashine itasomaje habari za bidhaa. Msimbo wa Morse alijifunza akiwa skauti. Akachomeka vidole mchangani, akavivuta kuelekea kwake, na zile nukta na vistari vya Morse vikarefuka vikawa mistari minene na myembamba. Yeye na mwenzake Bernard Silver waliwasilisha maombi tarehe 20 Oktoba 1949, wakapewa hataza ya Marekani tarehe 7 Oktoba 1952. Lakini kisomeo chao kilihitaji balbu ya wati 500. Leza haikuwapo, wala kompyuta ya bei nafuu. Haki yao wakaiuzia kampuni ya Philco, na kwa kuwa sheria ya wakati huo ilitoa miaka 17 tangu siku ya kutolewa hataza, mwaka 1969 ikafika kikomo. Tarehe 26 Juni 1974, huko Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ikasomwa na skana. Mvumbuzi alikuwa amewahi mno.

Mvumbuzi mwingine Mmarekani, Jerome Lemelson, yeye alijua kusubiri. Maombi yake ya 1954 na 1956 aliyagawa na kuyarekebisha kwa miongo kadhaa, yakiwa siri, maana Marekani haikuyachapisha maombi kabla hataza haijatolewa. Hataza zilipoibuka, viwanda na maduka vilishazoea skana, naye akadai misimbo pau na macho ya mashine (kamera zinazoisaidia mashine kutambua vitu) vyote ni vyake. Wanasheria waliziita hataza za nyambizi, na sioni jina linalozifaa zaidi. Kampuni nyingi zililipa mirabaha, yaani ada ya kutumia hataza, ili ziepuke kesi. Symbol Technologies, Cognex na wenzao wakagoma. Mwaka 2004 mahakama ya Nevada iliamua kwamba hataza hizo hazitekelezeki kwa sababu ya ucheleweshaji usio na sababu, na mwaka 2005 mahakama ya rufaa ikaafiki. Siku hizi ujanja huo haulipi: maombi yaliyowasilishwa Marekani tangu tarehe 8 Juni 1995 hupata miaka 20 inayohesabiwa tangu kuwasilishwa, hivyo anayechelewesha anajipunguzia mwenyewe.

Muda ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni madai, yaani zile sentensi zenye namba mwishoni mwa hati zinazoweka mipaka ya haki yenyewe, ambazo watu huziruka kwa uzito wa lugha yake. Charles Freeny aliomba hataza mwaka 1983 ya mashine ya dukani inayopokea idhini kwa mbali, kisha kunakili muziki au programu kwenye kaseti papo hapo mbele ya mteja. Intaneti ilipoenea, kampuni ya E-Data iliyoimiliki ikadai kwamba hata kupakua programu ukiwa nyumbani kunaihusu. Mahakama ya rufaa, katika uamuzi wake wa 2001, ilichambua neno kwa neno: kitu kinachobeba nakala lazima kitenganike na mashine iliyoinakili. Diski iliyo ndani ya kompyuta yako haitenganiki nayo kwa namna hiyo. Maneno machache yakapunguza dai lililoonekana kumeza biashara nzima ya kusambaza programu.

Kwa hiyo ukitishwa na barua ya kudai mirabaha, usianze na kichwa cha hataza wala michoro yake. Tazama tarehe ya kuwasilishwa, kisha soma dai la kwanza polepole, ukiuliza kila kipengele kama kimo katika bidhaa yako. Kikikosekana kimoja, mpe wakili wako habari hiyo kabla hujalipa chochote.

Wapo pia wenye hataza wasioitumia kama rungu. Denso Wave ya Japani, iliyozindua msimbo wa QR mwaka 1994, ilitangaza kwamba haitadai haki zake kwa wanaofuata viwango. Ilichokishikilia ni jina lenyewe, kama alama ya biashara.