Dawa ya malaria kwa mtoto mchanga: maswali na majibu

Kwa nini mtoto asipewe tu nusu ya kidonge cha mtu mzima?

Kwa sababu tofauti yao si ya uzito peke yake. Ini na figo za mtoto mchanga bado hazijakomaa, hivyo dawa huweza kulimbikizana katika damu hadi ikamdhuru. Hilo lilidhihirika mwaka 1959, madaktari wa Marekani walipoeleza jinsi watoto wachanga waliopewa kloramfeniko, antibayotiki iliyoaminiwa sana wakati huo, walivyovimba tumbo, wakageuka rangi ya kijivu na wengi wao kufariki. Isitoshe, kidonge kinachokatwa kwa kisu hakigawanyiki sawasawa, na unga wake mchungu hutemwa.

Dawa mseto ya kuyeyusha ilijaribiwaje?

Watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania, wenye malaria isiyo kali, walipewa ama kidonge cha ALu (dawa mseto ya artemeta na lumefantrini) kilichosagwa ama kile kipya cha kuyeyuka chenye ladha ya cheri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa katika makundi yote mawili waliopona walizidi asilimia 97.

Na wenye uzito wa chini ya kilo 5?

Hao walisahauliwa kwa miaka mingi, na wahudumu wakawa wanakadiria dozi kwa dawa ya watoto wakubwa zaidi. Ni Julai 2025 tu ndipo mamlaka ya dawa ya Uswisi ilipoidhinisha ALu ya watoto wa kilo 2 hadi 5, ambayo uwiano wa artemeta na lumefantrini umebadilishwa ili ulingane na miili yao. Kwa maoni yangu, ucheleweshaji huo haukuwa na udhuru.

Je, si hatari kuwafanyia watoto majaribio?

Majaribio huanza kwa watu wazima, hupitiwa na kamati ya maadili, na mzazi hutoa ridhaa ambayo anaweza kuiondoa wakati wowote. Bila hayo, kila mtoto anayetibiwa huwa anajaribiwa, ila hakuna anayeandika matokeo.

Mzazi azingatie nini?

Mtoto apimwe malaria na uzito kwanza. Kidonge kiyeyushwe katika maji safi kidogo, kisha kikombe kisuuzwe na maji hayo anyweshwe pia, kwani dawa hubaki chini. Anyonye au ale chakula chenye mafuta, maana lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na mafuta. Dozi zote sita za siku tatu zimalizwe hata homa ikishuka, na akitapika mara baada ya kumeza arudishwe kituoni.