Henrique Hakuwa Mfalme, na Hakumtuma Vasco da Gama

Muhula huu tena nina rundo la karatasi za kusahihisha, na sentensi ni ileile: "Mfalme Henrique Baharia alimtuma Vasco da Gama Afrika Mashariki." Makosa matatu katika mstari mmoja, na wanaoyaandika si wavivu. Wamekariri tu.

Ufalme kwanza. Henrique alizaliwa Porto mwaka 1394, mtoto wa Mfalme João wa Kwanza wa Ureno na Malkia Philippa wa ukoo wa Lancaster, Uingereza. Alikuwa na kaka wawili waliofikia utu uzima, Duarte na Pedro. Taji lilimwendea Duarte mwaka 1433, na alipofariki miaka mitano baadaye likamwendea mwanawe Afonso wa Tano, mtoto wa miaka sita. Henrique alikufa akiwa mwanamfalme na Duke wa Viseu, basi. Ukitaka Mfalme Henrique wa Ureno yupo mmoja tu, kardinali mzee aliyetawala 1578 hadi 1580.

Ubaharia nao ni sifa aliyopambwa nayo na waandishi wa baadaye sana. Bahari aliyoivuka ni ile ya kwenda Moroko kupigana. Ceuta mwaka 1415 alishinda. Tangier mwaka 1437 alishindwa vibaya, akamwacha mdogo wake Fernando rehani, naye akafia kifungoni Fez. Na ile shule ya mabaharia ya Sagres mnayoisimulia kwa madaha, ushahidi wake haupo. Kuhusu Gama: Henrique alifariki Novemba 1460, na Gama aling'oa nanga Lisbon Julai 1497. Mtu hatumi meli akiwa na miaka 36 kaburini.

Ukimvisha Henrique taji, unapoteza swali lenye maana: asiye mfalme alizipata wapi fedha za kutuma meli Afrika? Rudi nyuma kwa Mfalme Dinis wa Ureno. Papa alipolivunja shirika la Templari, watawa wapiganaji, mwaka 1312, Dinis hakukubali mali yake iliyokuwa Ureno itoke mikononi mwake. Mwaka 1319 likaundwa Shirika la Kristo, likairithi. Mwaka 1420 Henrique akawekwa kulisimamia. Mwaka 1443 Pedro, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya yule mfalme mtoto, akampa Henrique haki ya peke yake juu ya safari za kupita Rasi Bojador, kwenye pwani ya Afrika Magharibi, pamoja na humusi (sehemu moja ya tano) ya mapato iliyokuwa fungu la mfalme. Mwaka uliofuata, pale Lagos, kusini mwa Ureno, waligawanywa mateka 235 kutoka Afrika. Henrique alikuwa juu ya farasi, akapokea fungu lake: watu 46. Haya yameandikwa na Zurara, mwandishi aliyemsifu, si adui yake.

Hakuoa wala hakuzaa. Mrithi wake alikuwa mtoto wa kaka yake Duarte, aliyeitwa pia Fernando. Mwana wa Fernando huyu, Diogo, alichomwa kisu mwaka 1484 na Mfalme João wa Pili kwa mkono wake mwenyewe, kwa tuhuma za njama. Mdogo wake Diogo, Manuel, akachukua nafasi yake, Shirika la Kristo likiwemo, na mwaka 1495 akapata na ufalme. Huyo Manuel ndiye aliyemtuma Gama. Ndiyo maana nawaambia kila siku, na sitachoka: chora mti wa ukoo kabla hujaandika aya ya kwanza, na kila jina liwe na mwaka wa kufa.

Mwenye mti huo hatasema kwamba mtoto wa nje ya ndoa hakuweza kutawala. João wa Kwanza alikuwa mtoto wa nje wa Pedro wa Kwanza. Baraza la makabaila, viongozi wa kanisa na wajumbe wa miji lilimchagua Coimbra mwaka 1385, na Agosti hiyohiyo, vitani Aljubarrota, akawachapa Wakastilia, watu wa ufalme jirani wa Kastilia. Lakini Jorge, mtoto wa nje wa João wa Pili, baba alimtaka arithi taji, na hakulipata. Nguvu ya wanaokuunga mkono ndiyo iliyoamua.

Eti maiti ya Inês de Castro ilivishwa taji la malkia? Aliuawa 1355 kwa amri ya Afonso wa Nne, na mpenzi wake, mwana wa Afonso huyo, yule Pedro wa Kwanza niliyemtaja, aliuhamishia mwili wake monasteri ya Alcobaça kwa heshima kubwa. Taji ni nyongeza ya wasimulizi.

Eti Ureno ilijitenga na Uhispania? Mwaka 1143, Afonso Henriques alipokubaliwa kuwa mfalme wa Ureno, kulikuwa na León na Kastilia. Uhispania mnayoijua haikuwapo.

Na Ngome ya Yesu, Mombasa, mnayoihesabu kuwa kazi ya wafalme wa Avis, ukoo ulioanzia kwa João wa Kwanza, ilianza kujengwa 1593. Ukoo huo ulikuwa umeshaondoka madarakani. Mfalme wa Ureno wakati huo alikuwa Felipe wa Pili wa Uhispania, wa ukoo wa Habsburg.