Ionofora si pampu

Ukiuliza kwenye maduka ya pembejeo za mifugo hapa Tanga monensini iliyoandikwa kwenye mfuko wa chakula cha vifaranga ni kitu gani, aghalabu utajibiwa kwamba ni antibayotiki "inayopampu chumvi ndani ya vijidudu mpaka vinapasuka". Jibu hilo nimelisikia kwa wauzaji, nimelisikia kwa wanafunzi wa kidato cha sita, na juzi nimelisikia kwa mtu aliyesomea mifugo. Kuna ukweli ndani yake, ndiyo maana linadumu. Lakini neno "kupampu" linaharibu kila kitu kinachofuata.

Monensini ni ionofora, na maana ya neno hilo ni fupi. Ionofora ni molekuli inayoibeba ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, kama sodiamu au potasiamu, na kuivusha kwenye utando wa seli. Utando huo ni wa mafuta, na ioni yenye chaji haipiti kwenye mafuta peke yake. Ionofora huizunguka: upande wa ndani oksijeni zake zinaishika ioni, upande wa nje umbo lake linapatana na mafuta, basi vyote viwili vinapita. Nyingi kati ya zile zinazojulikana zinatoka kwa bakteria wa udongoni wa jamii ya Streptomyces.

Pampu ni kitu kingine kabisa, na ipo. Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark, akifanya kazi na neva za miguu ya kaa, aligundua kimeng'enya ambacho leo tunakiita pampu ya sodiamu na potasiamu. Kwa kila molekuli moja ya ATP, kibeba nishati cha seli, inayotumika, pampu hiyo inatoa sodiamu 3 nje ya seli na kuingiza potasiamu 2. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Kwa sababu ya pampu hiyo, ndani ya seli zetu potasiamu ni takriban milimoli 140 kwa lita, wakati kwenye damu ni kati ya 3.5 na 5 tu. Sodiamu ni kinyume: imejaa nje, ndani ni kidogo. Pampu inazipeleka ioni kule ambako zenyewe zisingekwenda, na kwa kazi hiyo inakula nishati mchana na usiku.

Ionofora haili nishati ya seli hata chembe. Chukua kivuko cha Pangani, kati ya mjini na Bweni. Kinavusha waliopo gatini. Upande wenye watu wengi ndio utakaoonekana umepunguza watu, si kwa sababu kivuko kimeamua hivyo, bali kwa sababu huko ndiko abiria walikojaa. Ionofora ni hivyo hivyo: inakwenda na kurudi, na ioni zinaishia kule ambako wingi wao na chaji ya utando vilikuwa vinazisukuma tangu mwanzo. Mfano huu una upungufu mmoja, kwamba kivuko kina injini. Ionofora inasukwasukwa na joto la kawaida tu.

Kosa hili si la maduka ya Tanga peke yake. Wataalamu wenyewe walilipitia. Mwaka 1964 Carolyn Moore na Berton Pressman waliweka valinomisini, antibayotiki ambayo leo tunajua ni ionofora, kidogo sana kwenye mitokondria, vile viungo vya seli vinavyotengeneza nishati, wakaona zinafyonza potasiamu kwa kasi na kutoa haidrojeni. Valinomisini ilikuwa imepatikana Ujerumani mwaka 1955, na mwaka 1963 kundi la Shemyakin huko Moscow lilikuwa limeonyesha kwamba umbo lililoaminika mwanzoni halikuwa sahihi: molekuli yake ni pete yenye viungo 12. Kwa yaliyoonekana kwenye mitokondria, ilikuwa rahisi kufikiri kwamba dawa hiyo imeamsha pampu fulani iliyokuwa imelala. Kisha mwaka 1967 Mueller na Rudin wakaweka dawa hiyo kwenye utando wa mafuta waliotengeneza wenyewe, usio na protini wala pampu ya aina yoyote. Potasiamu ikapita! Mwaka huohuo Pressman na wenzake wakatangaza jina ionofora, kwa Kigiriki kibeba ioni. Mtu yuleyule aliyeanza na pampu akaishia kwenye kibebaji, kwa sababu majaribio yalimpeleka huko. Mwanafunzi anayesema "inapampu" leo anasimama pale ambapo sayansi ilisimama 1964.

Kuna ushahidi mwingine ambao naupenda zaidi, nao uko kwenye maabara za hospitali. Valinomisini inaipenda potasiamu kuliko sodiamu kwa takriban mara 10,000, kwa sababu pete yake inaikumbatia potasiamu barabara, ilhali sodiamu ni ndogo na haishikiki vizuri. Wilhelm Simon na wenzake huko Zurich waliitumia sifa hiyo kutengeneza elektrodi ya kupimia potasiamu. Mgonjwa wa figo anapopimwa damu, mara nyingi namba ya potasiamu kwenye jibu lake inatokana na utando wenye valinomisini. Mashine inapima volti inayojitokeza pale potasiamu inapotulia yenyewe pande mbili za utando. Kama valinomisini ingekuwa inasukuma, volti hiyo isingetuambia chochote kuhusu damu ya mgonjwa. Ingetuambia habari za valinomisini.

Niseme pia kwamba si kila kinachopitisha ioni ni kibebaji. Gramisidini, iliyotolewa na René Dubos mwaka 1939, ni mfereji: molekuli mbili zinaungana ndani ya utando na kuacha tundu ambamo ioni zinapita kwa mamilioni kila sekunde, wakati valinomisini inabeba moja moja, maelfu kwa sekunde. Mwaka 1971 Krasne, Eisenman na Szabo waliupoza utando mpaka mafuta yake yakaganda. Valinomisini ikakwama, gramisidini ikaendelea. Wengi huziita zote ionofora, na hilo sina ugomvi nalo.

Sasa turudi kwa kuku. Monensini inaingiza sodiamu ndani ya kijidudu cha koksidia, kile kinachowaharisha kuku damu, na kutoa haidrojeni. Sodiamu inaingia kwa sababu nje ndiko ilikojaa. Kijidudu kinaanza kuitoa kwa pampu yake chenyewe, kinaitoa na inarudi, mpaka ATP inakwisha, maji yanaingia, kinavimba na kufa. Kwa hiyo pampu katika habari hii ipo, ila ni ya kijidudu, si ya dawa.

Ukilielewa hilo, mengine yanakaa sawa. Monensini inakikuta kijidudu kingali huru ndani ya utumbo, kabla hakijajificha kwenye seli za kuku. Ndiyo maana ni kinga inayowekwa kwenye chakula mapema. Banda likishaanza kuhara damu, mwite daktari wa mifugo akupe dawa ya kutibu. Kuongeza monensini hakutasaidia. Tena monensini haitambui seli ya nani. Kuku anaivumilia: kipimo kinachoua nusu ya kuku ni kama miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Kwa farasi ni 2 hadi 3 tu, kwa sababu anachelewa kuiondoa mwilini na misuli ya moyo wake ndiyo inayojazwa sodiamu. Punda ni wa ukoo huohuo, na huku Handeni na Kilindi punda ndio wanaobeba maji. Chakula cha kuku kilichobaki hakipaswi kumwagwa kwenye beseni la punda, hata konzi moja kwa kumwonea huruma.

Halafu kuna tiamulini, dawa ya mafua ya kuku inayouzwa kwenye rafu zilezile. Inalizuia ini kuivunja monensini, kwa hiyo kipimo kilichokuwa salama jana kinakuwa sumu leo, na kundi zima linaweza kulala chini miguu imepooza. Anayeamini kwamba hizi ni antibayotiki mbili tu zinazosaidiana hawezi kuona hatari hiyo inakotoka.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaouza na mnaofundisha, naomba tuseme hivi: ionofora inairuhusu sodiamu kuingia, na kijidudu kinakufa kwa kuchoka kuitoa. Sentensi hiyo haizidi ile ya zamani kwa urefu, na mteja anaielewa palepale dirishani. Kisha muulizeni anafuga nini kingine, na ni dawa gani nyingine amewapa kuku wiki hii.