Je, wajua? Moto wa Kilimanjaro hunyima mito maji kuliko kuisha kwa barafu

Wengi huamini kwamba maji ya mji wa Moshi yanatoka kwenye barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Si ajabu: barafu inaonekana kutoka barabarani, na inapungua kweli. Mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 hazikufika 2. Lakini kileleni hakuna maji mengi ya kugawa. Hunyesha chini ya milimita 200 kwa mwaka, na hewa ni kavu kiasi kwamba sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia hatua ya kuwa maji. Kwenye msitu wa kusini, karibu mita 2,200, hunyesha zaidi ya milimita 2,500. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayotoka mlimani huanzia ukanda huo wa msitu. Barafu ikiisha kesho, mito haitashtuka sana.

Msitu wa juu ukiungua, hapo ndipo penye hasara. Takriban kati ya mita 2,800 na 4,000 huota erika, mti wenye vijani vyembamba vya milimita chache, na ukungu hupita hapo karibu kila siku. Matone ya ukungu ni madogo mno kuanguka yenyewe. Husafiri na upepo. Kitu kipana kikisimama mbele yake, upepo hukizunguka na matone huzunguka nao. Kitu chembamba ni tofauti: upepo hauna nafasi ya kuyakwepesha, nayo hugonga na kunasa. Ndiyo maana dereva wa bodaboda akipita kwenye ukungu, manyoya ya sweta lake la sufu hujaa vitone kabla ya koti la ngozi. Erika moja ina vijani maelfu, na juu yake huning'inia kuvu-mwani (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja) kama ndevu. Maji hukusanyika, hudondoka, huingia ardhini.

Mwanaikolojia Andreas Hemp alikadiria kuwa moto wa tangu 1976 uliondoa takriban hekta 15,000 za msitu, na pamoja nazo mita za ujazo milioni 20 za maji ya ukungu kwa mwaka: mahitaji ya kunywa ya watu kama milioni moja. Ni makadirio, hakuna mita iliyofungwa kwenye ukungu, na vichaka vinavyoota baada ya moto navyo hunasa maji kiasi.

Vyanzo vya moto ni vya kawaida: warina asali wanaofukiza nyuki, majangili, majiko. Moto wa Oktoba 2020, uliounguza zaidi ya kilomita za mraba 90, ulielezwa awali kuanzia Whona, kituo cha mapumziko kwenye njia ya Marangu, wagumu (wapagazi) wakipasha chakula cha wageni. Erika huwaka hata ikiwa mbichi. Kupiga ndimi za moto kwa matawi hakutoshi, kwa sababu udongo wa kule umejaa mizizi na majani yaliyooza, ambavyo hufuka chini kwa chini. Upepo ukirudi, moto huibuka nyuma ya wazimaji. Mkanda wa kuuzuia lazima uchimbwe hadi kwenye udongo usio na mboji.

Erika huchipua tena kutoka shinani. Ila kurudia urefu wa mita kumi huhitaji miongo kadhaa bila moto. Ikiungua kila baada ya miaka michache, hubaki kichaka, na mwishowe hata kichaka hupisha mimea mifupi ya nyika za juu.