Jani la Mparachichi Likigeuka Njano

Mkulima wa Njombe au Rungwe akituletea jani la mparachichi lililogeuka njano, swali lake huwa ni dawa gani apulize. Sisi huanza kwa kumuuliza alilichuma wapi: nyuma kwenye tawi, au huku nchani kwenye machipukizi?

Jani la kijani ni ghala la naitrojeni, na sehemu kubwa yake imo katika kloroplasti, vile vifuko vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Jani likizeeka, mti hauliachi liende na mali yote. Kloroplasti ndizo zinazotangulia kubomolewa. Umbijani, yaani rangi ya kijani ya jani, huvunjwa, protini hukatwa vipandevipande, na naitrojeni husafirishwa kwenda kwenye majani machanga na matunda. Njano unayoiona ilikuwamo siku zote, ila kijani kiliifunika. Kiini cha seli hubaki hai hadi karibu na mwisho, kwa kuwa kazi hii yote inahitaji msimamizi.

Lielekeze jani hilo juani. Mara nyingi kando ya mishipa utakuta kijani kimebaki, ilhali kwingine kumeshapauka. Mishipa ndiyo njia ya kutolea mzigo, kwa hiyo hufungwa mwisho.

Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama kirahisi. Chuma na kalisi (kalsiamu) hazihami hivyo. Ndiyo maana mti wenye njaa ya naitrojeni huanza kupauka majani ya zamani, na wenye upungufu wa chuma hupauka machanga. Majani machache ya nyuma yakigeuka njano wakati mti unachipua, huo ni uzee tu. Tafadhali usipoteze fedha kwa dawa. Mti ukipauka wote, chimba uangalie mizizi, hasa shamba likituamisha maji.

(Wekundu nao usikutishe. Miombo ya Iringa ikichipua Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, majani mekundu ndiyo machanga.)

Mwishoni, kwenye shina la kikonyo, gundi inayoshikanisha seli huyeyushwa na jani hudondoka lenyewe. Pale lilipotoka papase kwa kidole: pamekauka na kuziba, vijidudu havipati mlango. Ukilinyofoa bado la kijani, unaunyang'anya mti naitrojeni ambayo haijahamishwa. Yaliyodondoka yaache chini ya mti yawe matandazo. Yana kalisi nyingi, na ukiyachoma, naitrojeni iliyosalia hupotea na moshi.